Ukihisi mtoto wa jirani hayuko salama, ufanye nini?

Usiku wa tatu mfululizo, mtoto wa nyumba ya pili analia. Asubuhi anapita kwenda shule akichechemea. Majirani wameona, wananong'ona, halafu mmoja anasema: "Hayo mambo ya familia za watu."

Kwa sheria ya Tanzania, si mambo ya familia tu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa akiwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa.

Zingatia hapo: ushahidi *au taarifa*. Huhitaji video, wala kumfumania mtu. Kuchunguza ni kazi ya ofisa ustawi wa jamii na polisi. Kazi yako ni kusema umeona nini, umesikia nini, lini na wapi.

Uripoti wapi?

• Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kenya na Uganda nazo zinatumia 116.

• Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au kwa ofisa ustawi wa jamii.

• Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama mtoto anapigwa sasa hivi, piga 112.

Kama ni ukatili wa kingono

Hapa saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usimuogeshe mtoto wala kufua nguo zake kabla hajapimwa. Polisi hutoa fomu ya PF3, lakini hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja.

Mtoto akikusimulia

Msikilize bila kumkatisha. Mwambie si kosa lake. Usimuahidi kwamba itabaki siri, maana lazima umwambie mtu atakayemsaidia. Usimrudishe kwenye maswali yaleyale kila saa.

Usifanye haya

Usimvamie mtuhumiwa. Anaweza kukimbia, au kumtisha mtoto akanyamaza.

Usirushe picha ya mtoto kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa nia njema. Ikishasambaa hairudi, na kesho atachekwa shuleni.

Usikubali "tuyamalize kifamilia". Hela wanapewa wakubwa, mtoto anabaki na mtu yuleyule.

Baada ya kuripoti

Wengi wanaogopa kwamba mtoto atachukuliwa moja kwa moja. Si lazima iwe hivyo. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kuwaita wazazi wazungumze, kutembelea nyumba, na pale penye hatari, kumhamishia mtoto sehemu salama.

Ukiona kimya na mtoto bado analia, uliza tena. Andika tarehe uliyoripoti na jina la aliyekupokea, kisha panda ngazi hadi halmashauri.

Inawezekana umekosea, na mtoto aliteguka mguu akicheza mpira. Ofisa akienda ataona hivyo, na mambo yataishia hapo. Lakini kama hukukosea, simu yako inaweza kuwa ya kwanza kupigwa kwa ajili yake.