Mama Aliyefiwa, na Chama cha Akina Mama wa Stoney Creek

Mwezi wa Agosti mwaka 1889, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, mama mmoja alimzika kitinda mimba wake. Mtoto huyo, John Harold, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Alishikwa na tumbo la kuhara, ugonjwa uliowachukua watoto wengi kila majira ya joto, hata watu wakauzoea wakasema ndivyo dunia ilivyo. Mama yake, Adelaide Hoodless, hakuweza kusema hivyo.

Katika ukoo wake ilisimuliwa kwamba chanzo kilikuwa maziwa. Siku zile maziwa yaliletwa mjini kwa gari la farasi, yakiwa ndani ya makopo makubwa ambayo mara nyingi yalikuwa wazi, vumbi likiingia na inzi wakitua. Mama alipima kiasi chake mlangoni, akampa mtoto anywe.

Sisi tunaochemsha maziwa kila siku tunaweza kuuliza: kwani hakujua? Kweli hakujua, wala majirani zake hawakujua. Tena hakuwa maskini. Mume wake, Bwana John Hoodless, alikuwa na kiwanda cha samani, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu wenye nafasi. Habari za vijidudu vya magonjwa zilikuwa zimekwisha kuandikwa na wataalamu wa Ulaya, lakini hazijafika jikoni. Msichana alifundishwa hesabu na jiografia, kisha akaolewa na kukabidhiwa roho za watoto pasipo mtu kumwonyesha jinsi ya kutunza chombo cha maziwa.

Bibi Hoodless hakuzoea kuhutubia habari za msiba wake mbele za watu. Lakini tangu mwaka ule hakutulia. Aliongoza tawi la Hamilton la YWCA, yaani Jumuiya ya Wanawake Vijana Wakristo, na huko wasichana wakaanza kufundishwa upishi na usafi wa nyumba. Alikwenda kwa wakuu wa shule kuomba somo hilo, tunaloliita sayansi kimu, liingizwe katika shule za serikali. Mwaka 1898 aliandika kitabu cha kiada cha somo hilo. Walikuwapo waliomcheka, na waliomwambia arudi nyumbani akalee familia yake. Neno hilo wengi wetu tumelisikia, labda hata kutoka kwa mama mwenzetu pale kisimani.

Sasa tuje Stoney Creek. Kilikuwa kijiji cha wakulima wa matunda, mashariki kidogo ya Hamilton. Wanaume wa huko walikuwa na chama chao cha wakulima, wakikutana kuzungumzia mbegu, mbolea na mifugo. Mmoja wao, Bwana Erland Lee, alimsikia Bibi Hoodless akihutubia katika chuo cha kilimo cha Guelph mwishoni mwa mwaka 1896. Maneno yake yalimgusa, akamwalika aje kijijini katika jioni ambayo wanaume wangekuja na wake zao.

Jioni hiyo ilikuwa tarehe 12 Februari 1897. Wanawake 35 walifika. Bibi Hoodless aliwauliza jambo jepesi kabisa: ikiwa waume zenu wana chama cha kujifunza kulisha ng'ombe vizuri, kwa nini ninyi msiwe na chama cha kujifunza kulisha watoto? Wakakubaliana wakutane tena baada ya juma moja, na yeye akaahidi kurudi.

Juma lile hasa ndilo lililotufanya tuiandike habari hii. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi, na majira ya baridi ya Kanada si mchezo. Mashamba yalikuwa mbalimbali, njia zimefunikwa theluji, wala simu za nyumbani hazikuwapo za kupigiana. Bwana Lee na mke wake, Bibi Janet Lee, walizunguka na farasi kutoka nyumba hadi nyumba, wakiwaalika akina mama mmoja mmoja. Hebu fikiri, msomaji. Mwanamke wa shamba ana ng'ombe wa kukamua jioni, ana watoto wa kulaza, ana mume ambaye pengine haoni maana ya safari ya usiku. Ingetosha kila mmoja kusema, "Nitakuja siku nyingine," na jambo lote lingekufa pale pale.

Tarehe 19 Februari, katika ukumbi wa Squire, walihesabiwa wanawake 101. Mwanamume alikuwa mmoja tu, Bwana Lee, naye ndiye aliyewekwa kiti cha mbele kuongoza kikao. Usiku ule chama kikazaliwa, ambacho baadaye kilijulikana kama Women's Institute, jina ambalo limeenea duniani. Bibi Hoodless alipewa heshima ya kuwa rais mlezi, na rais wa kwanza akachaguliwa kutoka miongoni mwao wenyewe. Kumbukumbu nyingi zinamwita Bibi E. D. Smith, kwa jina la mume wake mwenye biashara ya matunda. Jina lake mwenyewe lilikuwa Christina. Tunalitaja kwa makusudi, maana ni jambo la ajabu mwanamke kuongoza wenzake mia moja na jina lake lisiandikwe.

Katiba iliandikwa nyumbani kwa akina Lee, juu ya meza ya chakula, na aliyeiandika kwa mkono wake ni Bibi Janet Lee. Ukiitazama utaona hawakujifungia kwenye sufuria. Waligawa kazi yao katika afya, uchumi wa nyumbani, ujenzi wa nyumba hasa mwanga, joto na hewa safi, bustani, muziki, vitabu na elimu, hata sheria za nchi. Wizara ya kilimo ya jimbo la Ontario ilipoona kwamba jambo hili si la kupita, ikaanza kutoa ruzuku ndogo na kutuma walimu vijijini. Katika miaka michache tu vyama vya namna hiyo vilikuwa vimetapakaa jimbo zima.

Walifanya nini hasa? Kazi ambazo hazitangazwi kwa ngoma. Walidai watoto wa shule wapimwe na waganga. Walipeleka chakula penye ugonjwa na penye kilio. Wakati wa vita walifuma soksi za askari na kupika jemu. Vijiji vingi viliweka daftari kubwa la historia yao, akina mama wakikusanya picha, habari za familia za kwanza, shule na makanisa. Vitabu hivyo huitwa kwa jina la Lady Tweedsmuir, mke wa aliyekuwa mwakilishi wa mfalme nchini Kanada, aliyewahimiza wasiache habari zao zipotee. Na jambo la maziwa hawakuliacha. Walisemea maziwa salama mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1938 Ontario ilipopitisha sheria kwamba maziwa ya kuuzwa yapashwe moto kwanza kuua vijidudu. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu John Harold azikwe.

Mama yake hakuiona siku hiyo. Tarehe 26 Februari 1910, siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, alikuwa akihutubia akina mama mjini Toronto, bado akiomba mafunzo bora kwa wasichana. Katikati ya hotuba alianguka, akafa.

Tusimfanye malaika. Bibi Hoodless hakuwaunga mkono waliotaka wanawake wapige kura; aliona mama mwenye elimu atatosha kuibadilisha nchi akiwa nyumbani kwake. Sisi hatukubaliani naye hapo, kwa kuwa sheria ya maziwa haitungwi jikoni. Wanawake wa Ontario walipata kura mwaka 1917, na wengi wao walikuwa wamejifunza kusimama na kusema mbele za watu katika vikao vile vile alivyovianzisha yeye.

Mwaka 1915 mama mmoja wa Kanada, Bibi Madge Watt, alisaidia kuanzisha chama cha kwanza cha Uingereza. Kilianza Wales, kwenye kijiji cha Llanfairpwll, ambacho jina lake kamili lina herufi 58, hata wenyewe hulikata. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake wa vyama hivyo walihifadhi zaidi ya tani 5,000 za matunda yasiharibike. Na mwaka 1933, mjini Stockholm, vikundi vya wanawake wa vijijini kutoka nchi mbalimbali viliungana kuwa umoja mmoja wa dunia, Bibi Watt akiwa rais wake wa kwanza.

Mbegu ilifika hata kwetu. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, ilichukua mengi ya mfano wake kutoka vyama vile vya Uingereza: kukutana kila juma, kushona, kupika, usafi wa mtoto. Mwanzoni viongozi walikuwa wanawake wa Kizungu. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho.

Na kule kulikoanzia? Tangu mwaka 2001 Stoney Creek imekuwa sehemu ya Hamilton, mji ule ule alimofia mtoto. Nyumba ya akina Lee ilinunuliwa mwaka 1972 na akina mama wa vyama vya Ontario, wakaifanya jumba la makumbusho. Mgeni akiingia huonyeshwa meza ya chakula ambapo Bibi Janet aliandika katiba.