Ruta yako ina paswedi mbili, na fundi kakuachia moja tu

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee kidude kinachowaka taa usiku kucha pale juu ya kabati. Ruta.

Wengi wetu intaneti tumeijulia kafe, unalipia nusu saa, unafungua barua pepe haraka haraka kabla muda haujaisha. Enzi hizo nchi zetu zilitegemea setilaiti, bei juu na spidi ya konokono. Mambo yalianza kubadilika Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipowashwa Dar es Salaam na Mombasa, mwaka huo huo ukaja TEAMS pale Mombasa, na 2010 ukafuata EASSy. Leo faiba inaingia mpaka uchochoroni, na mtaa ambao haujafikiwa watu wananunua ruta ya laini ya simu. Vijana wanne kwenye nyumba ya kupanga wanachangishana, fundi anakuja, anafunga, anaandika paswedi ya Wi-Fi kwenye kikaratasi, anaondoka. Furaha tupu.

Sasa sikilizeni. Kule kafe kuna mhudumu. Yeye ndiye anayejua waya gani unaenda wapi, nani akatwe, mashine gani ina virusi. Nyumbani mhudumu ni wewe. Na kile kikaratasi cha fundi kina paswedi moja tu, wakati ruta ina mbili.

Paswedi ya kwanza ni ya Wi-Fi, hii unampa mgeni akija. Ya pili ni ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe, kwenye ukurasa wa mipangilio. Hii ya pili ndiyo yenye nyumba. Mtu akiwa nayo anaweza kubadili ya kwanza, anaweza kukufungia nje, anaweza kuelekeza simu zenu kwenye kurasa za uongo. Na kwenye ruta nyingi, hasa za zamani, hii ya pili huja ikiwa ni neno admin, sawa na iliyo kwa jirani yako. Kwa maana hiyo kila uliyempa Wi-Fi umeshamfikisha kwenye mlango wa pili, na mlango wenyewe funguo inaning'inia.

Kama unadhani natia chumvi, tuangalie yaliyokwishatokea. Brazil mwaka 2011 wezi walitumia kasoro iliyokuwa kwenye modemu za nyumbani, wakaingia kwenye modemu zipatazo milioni 4.5 na kubadili kitu kinaitwa DNS. DNS ni kama kitabu cha namba za simu: wewe unaandika jina la tovuti, chenyewe kinakupa namba ya kwenda. Wale jamaa wakawabadilishia watu kitabu. Mtu anaandika jina la tovuti anayoijua, anapelekwa kwenye ukurasa wa mwizi, na kompyuta yake haina kosa lolote. Halafu Oktoba 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilizunguka duniani kikijaribu orodha ya majina na paswedi za kiwandani zipatazo 60 tu, kikakusanya kamera na ruta za watu kwa malaki, kisha kikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn. Siku hiyo Twitter na Netflix hazikupatikana sehemu kubwa ya Marekani. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote. Ndiyo maana Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inakataza kuuza vifaa vya aina hii vikiwa na paswedi moja ya kufanana kwa wote.

Basi tuifunge ruta vizuri toka mwanzo. Hatua kwa hatua.

1. JUA MABOKSI YAKO. Kama una faiba, kampuni imekuletea boksi linalopokea ule uzi mwembamba wa mwanga. Mara nyingi boksi hilo lina Wi-Fi ndani yake, na kama nyumba ni ndogo huna haja ya kununua kingine. Kama umenunua ruta yako, chukua waya wa mtandao, upande mmoja chomeka kwenye tundu la LAN la boksi la kampuni, upande wa pili kwenye tundu la ruta yako lililoandikwa WAN au Internet. Mara nyingi tundu hilo lina rangi tofauti na wenzake. Ukichomeka kwenye tundu jingine Wi-Fi itaonekana lakini intaneti inaweza isifike, na hapo ndipo wengi wanapoanza kulaumu kampuni bure. Ruta ya laini ya simu haihitaji waya huu, unaweka laini unawasha.

2. INGIA NDANI. Unganisha kompyuta kwa waya, au simu kwa Wi-Fi ya jina lililo kwenye stika chini ya ruta. Fungua kivinjari, na pale juu panapoandikwa anwani za tovuti andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Stika itakuambia ni ipi. Stika ikiwa imebanduka, kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, namba iliyo mbele ya Default Gateway ndiyo yenyewe. Jina na paswedi ya kuingilia navyo viko kwenye stika. Ruta za siku hizi nyingine zinakulazimisha utunge paswedi papo hapo, hizo ni nzuri.

3. AINA YA MUUNGANISHO. Ruta itakuuliza unapataje intaneti. Kama ruta yako iko nyuma ya boksi la kampuni, kwa kawaida unachagua DHCP, yaani ijipatie yenyewe. Kampuni nyingine zinatumia PPPoE, hapo lazima uwe na jina na paswedi ya mteja. Mdai fundi vitu hivyo kabla hajapanda bodaboda, andika kwenye daftari. Angalizo: maboksi yote mawili yakiwa na namba 192.168.1.1 yatagongana. Ingia kwenye ruta yako uibadilishe iwe 192.168.2.1 yaishe, au iweke itumike kama kituo cha Wi-Fi tu, boksi la kampuni ndilo lifanye kazi ya ruta.

4. BADILI PASWEDI YA PILI SASA HIVI. Isiwe baadaye. Iko sehemu inayoitwa Administration, System au Management, inategemea ruta. Weka isiyofanana na ya Wi-Fi, iandike kwenye daftari lile lile, usimpe mgeni. Ukiwa hapo hapo tafuta kinachoitwa Remote Management, kizime. Kazi yake ni kumruhusu mtu aliye nje, hata bara jingine, aufikie ukurasa wako. Huna shida nacho.

5. WI-FI YENYEWE. Jina la Wi-Fi lisiwe jina lako wala namba ya chumba. Aina ya ulinzi chagua WPA3, na kama simu za nyumbani ni za zamani chagua WPA2 yenye AES. Ukiona WEP kimbia, hiyo udhaifu wake ulianikwa hadharani tangu 2001 na kuivunja ni kazi ya dakika chache. Paswedi ya WPA2 inakubali herufi 8 mpaka 63, kwa hiyo usibanie. Maneno manne yasiyohusiana, marefu, yanashinda namba yako ya simu. Jirani anayo namba yako ya simu, ataijaribu kwanza! Zima pia WPS, ile ya kuunganisha kwa namba nane, kwa sababu Desemba 2011 ilionyeshwa kwamba namba hizo zinaweza kukisiwa zote ndani ya saa kadhaa.

6. WAGENI WAWE NA CHAO. Ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni, Guest Network. Iwashe, ipe paswedi yake, hiyo ndiyo uwape washkaji na mafundi. Wanapata intaneti, lakini kwa kawaida hawaoni kompyuta zenu wala hawaufikii ukurasa wa ruta. Jaribu mwenyewe uhakikishe. Ukichoka unaibadili bila kusumbua nyumba nzima.

7. SASISHA PROGRAMU YA RUTA. Hapa ndipo somo la Brazil linapoingia: kule paswedi nzuri isingetosha, kasoro ilikuwa ndani ya modemu. Tafuta palipoandikwa Firmware, angalia kama kuna toleo jipya, na umeme usikatike katikati ya kazi hiyo.

8. WAPI UIWEKE. Ruta zina mawimbi ya aina mbili. 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya ukuta zaidi ila ni ya polepole na yana msongamano. 5 GHz yana spidi ila ukuta wa tofali unayachosha. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5, ukiwa uani tumia 2.4. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa na bati. Kama majirani wana ruta nyingi, kwenye 2.4 jaribu chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

Na kabla hujapiga simu huduma kwa wateja kwa hasira, pima spidi kwa waya kwanza. Waya ukiwa sawa na Wi-Fi mbaya, tatizo ni mahali ulipoiweka. Pia kumbuka kampuni inahesabu biti, wewe unadaunilodi baiti, na baiti moja ni biti 8. Ukilipia Mbps 10, faili linashuka MB 1.25 kwa sekunde hivi. Hapo hujaibiwa.

Kuna mambo mawili ambayo watu husahau.

La kwanza ni kile kitundu kidogo nyuma. Ukikibonyeza kwa pini sekunde kama 10 ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Inasaidia ukisahau paswedi, lakini inafuta kila kitu pamoja na ile PPPoE, na paswedi ya stika inarudi kazini. Ukibonyeza, rudia hatua zote. Na yeyote anayeweza kuifikia ruta kwa mkono anaweza kukibonyeza, kwa hiyo usiiweke koridoni.

La pili ni la kwenye nyumba za kuchangishana. Mkataba una jina la mtu mmoja. Kwa mtu wa nje, vyumba vyote vinne vinaonekana kama laini moja, na laini hiyo ni ya huyo mmoja. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Mtu asiyejulikana akitukana au kutapeli watu kupitia Wi-Fi yenu, maswali yataanzia kwa mwenye jina. Kama jina ni lako, paswedi ya pili ikae kwako, na kila mwezi ingia uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona simu saba na nyumba ina watu wanne, badili ya Wi-Fi, halafu uone nani atakuja kulalamika kwamba mtandao umekata.

Mwisho, hata ukifanya yote haya, kivinjari kikikuambia cheti cha tovuti ya benki kina tatizo, usibonyeze kuendelea. Inaweza kuwa ndiyo dalili pekee utakayopewa.

Kazi yote hii ni kama nusu saa, muda ule ule uliokuwa unaulipia kafe. Leo ukifika nyumbani pindua ruta, soma stika, ingia, badili. Mwenye ruta ya aina ambayo haifanani na nilivyoeleza aseme hapo chini ni ipi, wadau watamsaidia. Msiandike paswedi zenu kwenye maoni lakini, jamani!