Bahari Haina Hatimiliki

Wajukuu, leo hamna sungura wala fisi. Leo kuna bandari.

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya alikutana Lamu na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi mkubwa. Bandari ijengwe hukohuko Lamu, pale Magogoni, kisha barabara, reli na bomba la mafuta vitoke hapo hadi kwa hao majirani wasio na pwani. Nani akatae? Ila meli kubwa haipiti kwenye maji mafupi. Ikabidi bahari ichimbwe.

Hapa ndipo penye kisa. Msimu wa kusi bahari kuu huchafuka, na dau dogo la tanga likithubutu kutoka huenda lisirudi. Kwa hiyo wavuvi wa Lamu, wengi wao Wabajuni, huvulia ndani, kwenye mikono ya bahari na pembeni mwa mikoko. Wengine hutega malema, wengine hupiga mbizi kusaka kamba koche kwenye miamba. Uchimbaji ulipoanza tope likatifuka, maji yakawa kama chai ya maziwa. Mpiga mbizi atamwona wapi kamba? Na matumbawe yakifunikwa na tope hufa, samaki wake wakahama.

Mwenye shamba huonyesha hatimiliki, akalipwa fidia. Mvuvi ataonyesha nini? Walienda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikawapa haki: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na uvuvi ule ni utamaduni wao pia, si riziki tu. (Hilo la utamaduni ndilo lililonifurahisha zaidi.) Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Fidia ikazungushwa kwa rufaa na mazungumzo. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021.

Haya, mnaojua hesabu, gaweni. Kila mmoja kama shilingi 380,000, sivyo? Ni pesa, sikatai. Lakini ndani kukiharibika inabidi watoke nje, na kuvua bahari kuu kunataka chombo kikubwa, mashine, mafuta na barafu kila safari. Tena kunataka mtu anayeijua miamba ya huko nje, na wengi wa vijana hawa babu zao waliwaonyesha ya ndani tu.