Je, Wajua? Nchi yenye lita kituoni na maili barabarani

JE, WAJUA kwamba dereva wa Uingereza hununua petroli kwa lita, kisha huhesabu safari yake kwa maili? Serikali ya huko ilitangaza mwaka 1965 kuwa nchi ingehamia vipimo vya mita katika miaka 10 hivi. Zaidi ya nusu karne imepita, na kuhama hakujaisha.

JE, WAJUA kwamba Mwingereza ndiye aliyependekeza mapema kipimo kimoja cha ulimwengu, kinachogawanyika kwa kumi? Mwanachuoni John Wilkins alichapisha wazo hilo mwaka 1668. Wafaransa waliipitisha mita kisheria mwaka 1795, miaka 127 baadaye.

JE, WAJUA kwamba jengo la Bunge la London lilipoungua Oktoba 1834, yadi na ratili rasmi za ufalme ziliharibika humo humo? Hizo ndizo zilizokuwa mama wa vipimo vyote vya nchi, ikabidi zitengenezwe upya.

JE, WAJUA kwamba sheria ya Uingereza iliruhusu mita katika mikataba tangu 1864, na katika biashara yote tangu 1897? Iliruhusu tu, haikulazimisha. Wengi wakabaki na ratili zao.

JE, WAJUA kwamba fedha zao zilibadilika upesi kuliko mizani? Pauni ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12, jumla peni 240. Tarehe 15 Februari 1971 pauni ikawa na peni 100. Fedha ziliwekewa siku maalumu. Lakini bodi ya kusimamia mita, iliyoundwa 1969, ilipewa kazi ya kushauri bila nguvu ya kuamuru, na ikavunjwa 1980. Huo ndio mzizi wa kuchelewa.

JE, WAJUA kwamba Afrika Mashariki iliwatangulia hapo? Shilingi iliyoanza kutumika Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1921 ilikuwa na senti 100 tangu mwanzo. Tuliwatangulia kwa miaka 50.

JE, WAJUA kwamba ndizi ziliwahi kumfikisha mtu mahakamani? Steve Thoburn, muuza matunda wa Sunderland, alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kupimia wateja kwa mizani ya ratili pekee, kwani kufikia hapo sheria ilikuwa imeshalazimisha kilo. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2002.

JE, WAJUA kwamba bia ya bomba huko bado huuzwa kwa painti, yaani mililita 568? Na ukimuuliza Mwingereza uzito wake, huenda akakutajia “mawe”. Jiwe moja ni ratili 14, karibu kilo 6.35.

JE, WAJUA kwa nini goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44? Waingereza walilipima yadi 8 kwa futi 8, na dunia nzima ikarithi hesabu hiyo.

JE, WAJUA kwamba serikali yao iliwauliza wananchi mwaka 2022 kama wanataka vipimo vya zamani vipewe nafasi zaidi? Majibu yalizidi 100,000. Asilimia 98.7 walitaka mita na kilo viendelee kuwa vipimo vikuu au vya pekee.

JE, WAJUA kwamba urithi huo tunao hata sisi? Fundi wetu huagiza msumari wa inchi nne na mbao ya mbili kwa nne, na shamba tunalihesabu kwa ekari, ingawa sokoni tunauziana kwa kilo.

JE, WAJUA kwamba mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 ulidai kipimo kimoja cha mvinyo, bia na nafaka katika ufalme wote? Watu walikwisha kuona kwamba penye vipimo viwili, mnyonge ndiye anayepunjwa. Mkulima wa Tanzania anayelazimishwa kujaza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, analijua hilo bila kufundishwa: gunia halina kilo maalumu, na kinachozidi ni jasho lake.

Ndugu msomaji, mita na kilo ni haki yako. Kabla ya kuuza au kununua, dai mizani, na usome namba mwenyewe.