Kumtunza Mzee Nyumbani: Kazi ya Mshauri

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kukusanyika. Leo tutajifunza kazi ambayo wengi hawaijui, yaani kazi ya mshauri wa matunzo ya nyumbani.

Mshauri huyu si mganga, wala halali kwa mgonjwa. Aghalabu alianza kazi kama muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kutazama jinsi matunzo yanavyopangwa na kuonyesha palipo na pengo.

Tuchukue mfano wa Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Tuseme bibi mmoja amepatwa na kiharusi, hawezi kujigeuza kitandani. Mwanawe huvua dagaa kwa taa usiku, na mchana hulala. Mkwewe yuko shambani au kwenye michikichi. Je, nani atamgeuza bibi? Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, atapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vyaweza kuua. Upendo upo, mpango ndio haupo.

Basi mshauri huuliza mambo matatu. Kwanza, nani yuko nyumbani, na saa ngapi? Pili, nani amefundishwa kumgeuza, kumwogesha, na kumlisha chakula kisimpalie? Tatu, nani humpumzisha anayetunza? Maana huyo naye akianguka, wagonjwa watakuwa wawili. Majibu yakiisha kuandikwa, jirani atapewa zamu ya asubuhi. Mwana naye atashika zamu za usiku wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa siku hizo taa hazivuti dagaa vizuri.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Januari 2024 Tanzania Bara ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Fedha hununua sabuni, na mhudumu hufundisha. Lakini usiku wa manane mikono ni ya jamaa na jirani.

Sasa jadilianeni: Katika kitongoji chenu, ni wazee wangapi wasiotoka kitandani? Nani huwatunza? Nani atampokea zamu kesho?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.