Ndege Inakuacha Mtwara, Newala Ni Juu Yako

Kila bumu likitoka, kuna mwenzetu wa kusini ananiuliza swali lilelile: hivi kwenda nyumbani kwa ndege kuna faida? Jibu langu: inategemea unashukia wapi na unawahi nini. Kwetu ni Newala, na safari hii nimeifanya kwa basi na kwa ndege, kwa hiyo tupige hesabu.

Dar hadi Mtwara kwa barabara ni kama kilomita 560, na basi linakula siku nzima. Wazee wanatucheka tukilalamika, na wana haki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika ikichachamaa kusini ilikuwa kama kisiwa. Ndege inamaliza umbali huo kwa saa moja hivi.

Tatizo ni kwamba inatua pwani. Wa Masasi inabidi arudi bara karibu kilomita 200 kupitia Mingoyo na Ndanda, wakati basi la Dar–Masasi linakata kona palepale Mingoyo bila hata kuiona Mtwara. Kwa Masasi, basi nalipa alama. Wa Newala anapandisha uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba. Kipande cha Mtwara–Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia kupata lami. Mbele ya hapo muulize dereva hali ya njia kabla hujalipa nauli.

Zamani ndege zilisogea karibu zaidi. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lililoanza mwaka 1946, lilipeleka Dakota Lindi, Mtwara na hata Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Nachingwea ilikuzwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza: karanga ziligoma, uwanja wa ndege ukabaki. Shirika lilivunjika mwaka 1977, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo.

Kwa nini hawarudi? Dakota ilibeba watu wasiofika 30 na ilitua hata kwenye nyasi. Leo njia za mikoani zinafanywa na ATR za Precision Air na Dash 8 za Air Tanzania, zenye viti kama 70 zile kubwa. Hizo ndizo tunazoziita pangaboi kwa dharau, na dharau hiyo haina msingi. Kwa safari ya saa moja jeti inatumia muda mwingi kupanda na kushuka, haifaidi anga la juu. Pangaboi inakula mafuta kidogo na haidai njia ndefu ya kurukia. Lakini viti 70 lazima vijae. Masasi msimu wa korosho wangejaa. Mwezi wa tano je? Ndege ya watu 12 ingeweza kutua kwenye kiwanja cha vumbi, ila gharama ya rubani na mafuta ingegawanywa kwa watu 12, na nauli hiyo si ya mwanachuo.

Hatuko peke yetu. Tajikistan wana Khorog, mji wa milima ya Pamir, ambako vindege vidogo kutoka Dushanbe vilipita katikati ya milima kwa macho ya rubani. Mawingu yakishuka, abiria walirudi kupanda gari.

Sasa, lini ndege inalipa? Msiba. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuzikwa hujafika, na maziko ya Kiislamu hayasubiri. Taarifa ikija usiku, ukapata ndege ya asubuhi na gari la moja kwa moja, alasiri unaweza kuwa makaburini. Kwa basi utakuta matanga. Ila tiketi ya dakika za mwisho ndiyo ghali kuliko zote, maana viti vya bei ya chini huisha kwanza. Ndiyo maana sisi wa Newala hapa chuoni ingefaa tuwe na mfuko wa kuchangiana, hata kidogo kidogo kila bumu.

Ukienda kwa raha, kaa kushoto uione Mafia. Kulia utapata mikono ya Rufiji. Na ukikuta abiria wanapandia mlango wa nyuma, jua hiyo ni ATR: mbele wamepakia mizigo.