Ubishi wa mezani mpakani: sahani, wasanii na mtaji wa mfanyabiashara

Foleni ya malori ikisimama Namanga au Busia, biashara haisimami nayo. Inahamia mezani. Kwa mama lishe upande wa Tanzania, au kwenye kibanda upande wa Kenya na Uganda, wafanyabiashara wanaosubiri karatasi zao zigongwe muhuri huagiza chai, na kabla chai haijapoa ubishi umeshaanza: nani anapika vizuri, na nani anaimba vizuri.

Kwenye chakula kila nchi ina wakili wake. Mtanzania atatetea chipsi mayai mpaka jasho limtoke. Mganda atamjibu kwa rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga ndani yake, ambayo haina uhusiano wowote na saa ya mkononi. Mkenya atasema kwamba asiyepata nyama choma, ugali na sukuma wiki hajala, amepunguza njaa tu. Na kule Rusumo, Mnyarwanda hatakubali kikao kifungwe kabla ya mishikaki ya mbuzi kufika.

Mara nyingi, hata hivyo, wanaobishana wanabishania chungu kimoja. Majani ya muhogo yaliyotwangwa huitwa kisamvu Tanzania, sombe mashariki mwa Kongo na isombe Rwanda na Burundi. Anayeapa kuwa hawezi kula chakula cha ng'ambo huenda amekila tangu utotoni. Kwa mchuuzi, kujua majina hayo yote kuna faida: mteja huagiza kwa jina la kwao, na asiyelifahamu humwacha aende kwa jirani.

Muziki ulivuka kabla ya mkataba

Sahani zikitolewa, mazungumzo hugeukia wasanii. Vijana hugawanyika. Wapo wa Diamond Platnumz, wapo wa Bien, na wapo wa Jose Chameleone, ambao hawachoki kukumbusha kwamba "Jamila" ni wimbo wa Kiswahili ulioimbwa na Mganda. Wengine hawajali nyimbo kabisa. Wanachotaka ni habari za nani ameachana na nani.

Wazee huwasikiliza, halafu huwarudisha nyuma. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa tena mwaka 1983. Lakini katika miaka hiyohiyo Nairobi ilikuwa ikicheza muziki wa Watanzania: ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuwa na Simba Wanyika, na mwaka 1978 Les Wanyika ikazaliwa na kuja kutamba na "Sina Makosa". Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akaweka makao Nairobi. Remmy Ongala naye alitoka Kongo akaingia Dar es Salaam. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Novemba 30, 1999, wakati wanamuziki walikuwa wameshazoea njia hizo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Maoni yanapogeuka mzigo

Mpaka hapo, ubishi haumgharimu mtu zaidi ya bei ya chai. Hasara huanza pale maoni ya mezani yanapoingia kwenye mtaji.

Msanii akionekana kwenye video amevaa kitenge cha rangi fulani, wiki hiyohiyo kila duka linataka rangi hiyo. Mfanyabiashara mdogo anayesikia mezani kwamba "hiyo ndiyo inayotoka sasa" huweka fedha zake zote hapo. Mzigo ukichelewa barabarani, anaukuta mji umeshahamia kwa msanii mwingine. Mahindi na maharage yanaweza kusubiri ghalani, lakini mtindo hausubiri.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo pia huzaliwa mezani: dhana kwamba kila kinachovuka ndani ya Jumuiya hakilipiwi ushuru wa forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo unahusu shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwemo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye mchele wa Mbeya au maharage ya Uganda hupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Mwenye vitenge au nywele bandia kutoka China hapati, hata kama amezinunua Kariakoo au Kikuubo. Duka alikonunulia halibadilishi mahali bidhaa ilikotengenezwa.

Hata kwa mwenye cheti, msamaha ni wa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za ndani na vibali vya afya ya mimea au vya ubora hubaki palepale. Wengi hulijua hilo wakati mzigo umeshazuiliwa, na fedha ya chakula cha siku hiyo imeishia kwenye kulipia ghala.

Hakuna sababu ya kuacha kukaa mezani. Hapo ndipo mgeni anapojua dereva mwaminifu ni nani, soko gani limejaa vitunguu, na mteja gani hukopa halafu akazima simu. Habari kama hizo hazipatikani ofisini. Ila kila jambo lina mtu wa kuulizwa. Swali la mchuzi ni la mpishi, la wimbo ni la kijana mwenye spika, na la ushuru ni la afisa wa forodha, tena liulizwe kabla ya kununua, wakati fedha bado iko mfukoni.